Faili Isiyofunguka: Programu Miliki, Viwango Huria na Maandishi ya Kiswahili Mtaani Majengo

Utangulizi

Majengo ya Pumwani, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Waafrika jijini humo. Mtaa huo ulianzishwa chini ya serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wenyeji walipewa viwanja, nao wakajijengea nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati na vyumba pande mbili. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa tangu awali, kwa kuwa wakazi wake wa kwanza, wengi wao wakiwa Waislamu, walitoka katika makabila mbalimbali na hawakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha. Hata Sheng inapojadiliwa, aghalabu asili yake hutafutwa katika mitaa hiyo hiyo ya Eastlands.

Mtu anayepita katika vichochoro vya mtaa huu leo, kati ya Gikomba na Eastleigh, hukuta vibanda vya saiba vyenye tarakilishi tatu au nne, mashine ya kuchapisha na bango la bei. Humo ndimo maandishi mengi ya mtaa yanamozaliwa: barua za kuomba kazi, katiba na kumbukumbu za vyama, kadi za harusi, matangazo ya maulidi, ratiba za mazishi, fomu za serikali. Mtafiti wa fasihi anayedhani kwamba maandishi ya Kiswahili hupatikana vitabuni tu angefaa kuketi katika kibanda kama hicho kwa siku moja.

Humo pia ndimo tatizo linaloelezwa katika makala haya linamojitokeza kila uchao. Kijana huandika wasifu wake katika tarakilishi ya chuo, akaubeba katika flashi, akaufungua saiba ili auchapishe. Ukurasa mmoja umekuwa miwili. Jedwali la shule alizosomea limepasuka. Anwani iliyokuwa kulia imeruka hadi katikati. Wakati mwingine faili haifunguki kabisa. Kijana huilaumu saiba, mhudumu huilaumu flashi, na wote wawili hukosea. Chanzo kiko mbali zaidi, katika uhusiano wa programu na kitu kiitwacho kiwango huria.

Kiwango na Programu

Dhana ya kiwango si ngeni kwa Majengo. Hatua chache kutoka mtaani, katika uwanja wa Kamukunji, mafundi wa jua kali hugonga mabati kutwa kucha wakitengeneza masanduku, majiko na karai. Fundi anayehitaji nati ya milimita 10 huingia katika duka lolote akainunua, naye hamuulizi muuzaji ilitengenezwa na nani. Spana ya kipimo chake itaishika. Hali hii si ya bahati: watu walikaa wakakubaliana kuhusu vipimo, wakaviandika, wakavitangaza. Mtengenezaji yeyote huvisoma na kuvifuata.

Kiwango huria katika tarakilishi ni makubaliano ya namna hiyo hiyo. Ni maelezo yaliyochapishwa yanayoonyesha jinsi faili inavyoundwa ndani, au jinsi herufi inavyogeuzwa kuwa namba. Na mtu yeyote anaweza kuyatumia kutengeneza programu bila kuomba ruhusa wala kulipa. Muundo huo wa ndani wa faili huitwa umbizo. Programu miliki ni ile ambayo msimbo wake hushikiliwa na kampuni, na leseni yake humwekea mtumiaji mipaka. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kusomwa, kurekebishwa na kugawanywa.

Mijadala mingi huchanganya mambo haya mawili, na mchanganyo huo huzaa chuki isiyo na faida. Programu miliki inaweza kuheshimu kiwango huria vizuri kabisa. Vilevile programu huria inaweza kukikiuka. Shida inayowapata wakazi wa Majengo hutokea pale ambapo programu miliki iliyoenea kila mahali inapokipuuza kiwango, au inapokifuata nusunusu, hivi kwamba asiyeinunua hawezi kusoma hata maandishi yake mwenyewe. Ni sawa na fundi aliyeuziwa sanduku lenye nati za pembe tano, na spana ya pembe tano inauzwa na mtu mmoja tu.

Jambo moja la kando lafaa kutajwa kwa wanafunzi wa fasihi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huihesabu programu ya tarakilishi kuwa kazi ya fasihi, pamoja na riwaya, hadithi na mashairi, bila kujali ubora wake wa kifasihi. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS husema vivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye saiba anayetumia nakala isiyo na leseni hutenda kosa la jamii moja na la mtu anayedurusu riwaya na kuiuza Gikomba. Nakala za aina hiyo ni nyingi mitaani, wala hakuna asiyejua. Lakini haziwezi kuhesabiwa kuwa suluhisho.

Historia Fupi ya Faili

Kwa muda mrefu maandishi mengi ya ofisini duniani yalihifadhiwa katika umbizo la .doc la programu ya Word, hasa matoleo ya 1997 hadi 2003. Kwa miaka mingi maelezo ya umbizo hilo hayakuwa wazi kwa kila mtu. Waliotaka kutengeneza programu nyingine za kulisoma walilazimika kulichunguza kama mganga anayesoma ramli: wakihifadhi faili, wakibadili neno moja, wakihifadhi tena, kisha wakitazama ni namba gani zimebadilika. Microsoft ilichapisha maelezo yake wazi Februari 2008, wakati kampuni yenyewe ilipokuwa imekwisha kuhamia umbizo jingine.

Umbizo hilo jipya, .docx, lilikuja na Office 2007. Waliokuwa na Office 2003 hawakuweza kulifungua bila kupakua nyongeza yenye makumi ya megabaiti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Nairobi ilikuwa ya polepole na ya gharama, na upakuaji kama huo ulikuwa kazi ya saa nzima au zaidi katika saiba inayotoza kwa dakika. Wengi hawakupakua. Walimrudishia mwenye faili flashi yake na kumwambia ahifadhi upya kwa umbizo la zamani.

Wakati huo huo kiwango huria kilikuwa tayari kipo. Umbizo la OpenDocument, ambalo faili zake za maandishi huishia kwa .odt, liliidhinishwa na shirika la OASIS Mei 2005 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka wa 2006. Afrika Kusini ililiingiza katika kanuni za serikali yake mwaka wa 2007. Microsoft haikulikumbatia. Badala yake ilipeleka umbizo lake la .docx kwa shirika la Ecma, kisha ISO, likiwa na maelezo ya kurasa zipatazo 6,000, ilhali yale ya OpenDocument yalikuwa takriban 700. ISO ilikubali mwaka wa 2008 baada ya mabishano makali. Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufaa, nazo zikashindwa.

Wapinzani hawakuwa wakilalamikia unene wa kitabu tu. Ndani ya maelezo ya awali mlikuwa na amri iliyoitaka programu ipange nafasi za maneno kama Word 95 ilivyofanya, bila kueleza Word 95 ilifanyaje. Mfano wa pili ni wa kuchekesha. Excel huamini kwamba mwaka wa 1900 ulikuwa mrefu na ulikuwa na tarehe 29 Februari, siku ambayo haikuwahi kupambazuka. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka katika programu ya Lotus 1-2-3 ili faili za zamani zisivurugike, na likaandikwa katika kiwango ili kila mtu alifuate. Kiwango kilichopatikana kina sura mbili, ile kali na ile ya mpito iliyobeba mazoea ya kale. Word huhifadhi kwa sura ya mpito isipoamriwa vingine. Hivyo .docx ni kiwango kwa jina, lakini programu nyingine zingali zinakimbiza mwenendo wa programu moja.

Hila za Saiba

Wahudumu wa saiba hawakungoja ISO. Kazi yao imewafunza hila kadhaa, na nyingi zina mantiki nzuri zinapochunguzwa.

Hila ya kwanza ni PDF. Adobe ilitoa umbizo hili mwaka wa 1993, na mwaka wa 2008 likawa kiwango cha ISO. PDF huhifadhi sura ya ukurasa pamoja na fonti zake, kwa hiyo barua iliyogeuzwa kuwa PDF huko chuoni itachapishwa Majengo jinsi ilivyo. Udhaifu wake unajulikana: hairekebishiki kwa urahisi. Kijana aliyebeba PDF peke yake, akagundua kwamba namba yake ya simu imekosewa, atalipia kuandikiwa upya. Ndiyo maana mhudumu mwenye busara humshauri mteja abebe faili mbili, moja ya kuchapisha na moja ya kurekebisha.

Hila ya pili inahusu fonti, na hapa ndipo fumbo la ukurasa mmoja kuwa miwili linapofumbuliwa. Word ilifanya Calibri kuwa fonti yake ya kawaida kuanzia 2007. Fonti hiyo ina leseni ya kampuni, kwa hiyo tarakilishi yenye Linux na LibreOffice haiji nayo. Programu isipoiona huweka fonti nyingine ambayo herufi zake ni pana zaidi. Kila mstari hurefuka kidogo, neno la mwisho husukumwa chini, na mwisho wa yote aya ya mwisho huangukia ukurasa wa pili. Dawa yake ni fonti huria ya Carlito, iliyotolewa mwaka wa 2013: sura yake ni nyingine, lakini upana wa kila herufi ni sawasawa na ule wa Calibri. Caladea hufanya kazi hiyo kwa Cambria. Fonti za Liberation, za mwaka wa 2007, hufanya hivyo kwa Times New Roman na Arial. Mwenye saiba akiziweka mara moja, nusu ya malalamiko ya wateja hukoma. Word ilianza kuiacha Calibri mwaka wa 2023 na kuchukua Aptos, na basi mchezo umeanza upya.

Hila ya tatu ni ya dharura, na ni wachache waijuao. Faili ya .docx au .odt kwa kweli ni mkoba: ni faili kadhaa zilizofungwa pamoja kwa umbizo la zip. Faili inapoharibika, kwa mfano flashi iliponyofolewa kabla ya wakati, mhudumu anaweza kuinakili, akabadilisha kiishio chake kuwa .zip na kuifungua kwa programu ya kufungulia mikoba hiyo. Ndani ya .docx atakuta faili iitwayo document.xml, ndani ya.odt itaitwa content.xml. Mkoba wenyewe usipokuwa umepasuka, maneno yote ya mteja yamo humo, yamezungukwa na alama za mabano ya pembe. Mapambo yamepotea ila maandishi yamepona. Umbizo la zamani la .doc halikuruhusu uokoaji mwepesi namna hii, na hapana budi kukiri kwamba katika hili .docx ilikuwa hatua ya mbele.

Palipo pagumu zaidi ni Publisher. Saiba nyingi za Nairobi hutumia programu hiyo ya Microsoft kubuni kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Waislamu wa Majengo huzika upesi na hawana haja ya kijitabu, lakini majirani zao Wakristo huchapisha kurasa kadhaa zenye picha, nyimbo na wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Huu ni utanzu wa maandishi ambao wahakiki hawajautazama kwa uzito unaostahili. Kwa familia nyingi ndiyo nasaba pekee iliyowahi kuandikwa. Umbizo lake, .pub, halikuwahi kuwa kiwango. Mwaka wa 2024 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026. LibreOffice imekuwa na uwezo wa kusoma .pub tangu 2013, kwa kazi ya wachunguzi wa kujitolea, ingawa picha huhama na visanduku hupishana. Mwenye saiba aliye na mamia ya faili hizo katika diski yake hana budi kuzigeuza zote kuwa PDF. Asipofanya hivyo, familia itakayorudi kutafuta wasifu wa babu yao itakuta jina la faili tu.

Fomu ya Kodi

Barua ya kazi ikiharibika, aliyeiandika anaweza kuandika nyingine. Fomu ya serikali ni jambo jingine, maana ina tarehe ya mwisho na adhabu.

Katikati ya muongo wa 2010, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilihamishia taarifa za kodi katika mfumo wa iTax. Kila mwenye namba ya mlipakodi alipaswa kuwasilisha taarifa ya mwaka uliotangulia kabla ya Juni kwisha, hata kama hakupata kitu. Asiye na mapato alijaza maelezo machache mtandaoni akamaliza. Mwenye mshahara au biashara alipakua kitabu cha Excel chenye kurasa nyingi, akakijaza nje ya mtandao, akabonyeza kitufe cha kuthibitisha, na kitabu kikamtengenezea faili ya kupakia.

Kitufe hicho ndicho kiini cha habari. Nyuma yake kulikuwa na makro, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani ya kitabu kwa lugha ya Microsoft. Makro hiyo ilikagua kama nafasi zote zimejazwa, ikapiga hesabu ya kodi, ikafunga majibu katika mkoba wa zip. Bila makro, kitabu kilikuwa karatasi tu. Katika tarakilishi yenye LibreOffice, kitabu kilifunguka, kikajazwa mpaka mwisho, na kitufe kisifanye lolote la maana, kwa kuwa LibreOffice huielewa lugha hiyo kwa sehemu tu. Hata penye Excel, makro zilikuwa zimefungwa kwa sababu za usalama, na ilibidi mtumiaji aziruhusu kwa mkono. Ushauri wa kuruhusu makro ni ushauri wa hatari katika kibanda ambamo flashi za watu hamsini hupita kwa siku, kwani virusi vingi huingia kwa mlango huo huo.

Matokeo yake yalionekana kila Juni. Foleni zilijaa katika saiba zenye Excel, na wakazi walilipa ili kutimiza wajibu ambao sheria yenyewe haiutozi ada. Mtu aliyechelewa alipata adhabu. Kwa mtu binafsi kiwango cha chini kimekuwa shilingi 2,000 katika miaka ya karibuni, fedha ambazo kwa mchuuzi wa Gikomba si kidogo. Ni wazi kwamba hakuna sheria ya Kenya inayomwamuru raia anunue programu ya kampuni fulani. Hata hivyo, umbizo la faili lilimwamuru hivyo bila kupitia Bunge. Na fomu ilikuwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili.

Mamlaka haikubaki palepale, na haki inadai hilo lisemwe. Pamoja na fomu za Excel, mfumo ulikuja kutoa fomu zile zile katika umbizo la .ods, ambalo ni umbizo la majedwali la OpenDocument, ili zijazwe kwa LibreOffice au OpenOffice. Baadaye wenye mshahara pekee walipata fomu ya kujazwa moja kwa moja katika kivinjari. Hili la pili ndilo lililokuwa na manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa kurasa za wavuti hujengwa kwa viwango huria tangu msingi: hazimuulizi mtu ana programu gani, naye anaweza kuzijaza hata kwa simu akiwa ameketi barazani. Fomu ya .ods ilibaki kama mlango wa uani. Mlango upo, lakini mgeni asiyeonyeshwa hupanga foleni mbele.

Masaibu ya ng'

Yote yaliyotangulia yangeweza kumpata mwandishi wa lugha yoyote. Lipo moja linalomhusu Mswahili hasa, nalo ni herufi ng'.

Kiswahili sanifu huandika sauti hiyo kwa herufi mbili na alama ya ritifaa: ng'ombe, ng'ambo, ng'amua. Ritifaa hapa si pambo. Ngoa ni wivu au matamanio. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini. Mtu akiandika katika Word, programu huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ikidhani ni alama ya kunukuu ya Kiingereza. Katika karatasi hakuna madhara. Madhara huja faili inaposafiri.

Kiwango cha zamani cha herufi za Ulaya Magharibi, ISO 8859-1, kiliziacha nafasi za 128 hadi 159 bila herufi za kuandikia. Microsoft ilizijaza kwa alama zake katika mpangilio wa Windows-1252, na ritifaa iliyopinda ikawekwa nafasi ya 146. Baruapepe na kurasa nyingi zikawa zinatangaza kwamba zimefuata ISO huku zikibeba alama za Windows. Tarakilishi iliyofuata kiwango kwa uaminifu ilionyesha kisanduku kitupu au alama ya kuuliza: ng?ombe. Uaminifu ukaadhibiwa. Mwishowe wenye vivinjari walisalimu amri: kanuni ya wavuti ya leo huamuru kwamba ukurasa ukijitangaza kuwa wa ISO 8859-1, usomwe kama Windows-1252. Kosa la mmoja limekuwa sheria ya wote.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991, ilikuja kuwapa waandishi wa lugha zote meza moja. Lakini faili ya UTF-8, namna iliyoenea zaidi ya kuandika Unicode, ikisomwa na programu inayodhani ni Windows-1252, ng'ombe hugeuka kuwa ngâ€™ombe. Takataka za aina hii zimejaa katika makala za Kiswahili zilizohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kwa mtafiti ni balaa. Programu ya kuhesabu maneno hukutana na ng’oa yenye ritifaa iliyopinda, ikaihesabu kuwa maneno mawili, ng na oa, na ghafla kitenzi cha ndoa kinaongezeka katika riwaya ya mkulima. Anayetafuta kwa ritifaa iliyonyooka huenda asiipate ile iliyopinda, akaandika katika tasnifu yake kwamba neno halimo.

Unicode ina alama maalumu, U+02BC, inayofanana na ritifaa lakini inayohesabiwa kuwa herufi. Kinadharia ndiyo inayoifaa ng'. Kibodi za madukani hazina kitufe chake, na si rahisi kumshawishi mpigachapa wa Majengo kuitafuta. Njia iliyo karibu ni kuzima ugeuzaji wa ritifaa katika mipangilio ya programu, kuchagua ritifaa moja kwa kazi nzima, na kuhifadhi matini yoyote ghafi kwa UTF-8. Hatua hizi tatu huchukua dakika mbili, nazo humwokoa mtafiti na miezi ya kusafisha data.

Jambo OpenOffice na Kamusi ya Tahajia

Haingekuwa sawa kumwacha msomaji akidhani kwamba Waswahili wamekuwa watazamaji tu. Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org, kutokana na mradi wa Kilinux uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika, kuhifadhi na kuchapisha akiongozwa na Kiswahili. Miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha sura ya Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003. Kilipatikana bila malipo, lakini kilikuwa vazi la kuvikwa nakala iliyonunuliwa. Asiye na nakala halali hakuwa na cha kuvika.

Tofauti ya njia hizo mbili yaonekana vizuri zaidi katika kazi ya tahajia. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya OpenOffice. Kwa kuwa leseni iliruhusu, OpenOffice.org ilipogawanyika na LibreOffice kuzaliwa mwaka wa 2010, orodha ile ilihamia huko. Ingalimo. Jina lake ni sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, hata kama mtayarishaji wake alikuwa Mkenya. Mtu wa Majengo anayetafuta Kiswahili cha Kenya katika mipangilio afadhali ajaribu jina la jirani.

Orodha hiyo ina mapungufu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vya nafsi au ngeli, vya wakati, vya mtendwa, kisha vinyambuo mwishoni, hivi kwamba mzizi mmoja huzaa maumbo ambayo hayawezi kuorodheshwa moja moja. Ndiyo sababu neno kama hatukuwaandalia huweza kupigiwa mstari mwekundu ilhali ni sahihi kabisa. Kazi ya kuandika kanuni za viambishi badala ya maneno ni ya mwanaisimu kuliko ya mhandisi, na ni mada pana ya tasnifu kwa anayeitaka.

Faili za kamusi hiyo ni matini ghafi. Moja ina maneno, nyingine ina kanuni, na zote mbili hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile ndogo kabisa ya Windows. Maneno ambayo mtumiaji mwenyewe huyaongeza katika LibreOffice huhifadhiwa pia katika faili ya matini yenye kiishio cha .dic, mistari michache ya utangulizi kisha neno moja kwa kila mstari. Ile ya Word, CUSTOM.DIC, imeundwa karibu vivyo hivyo. Mhudumu wa saiba ambaye kwa miaka mitano amekuwa akiongeza majina ya mitaa, ya watu na maneno ya harusi na mazishi anaweza kuinakili faili hiyo katika flashi na kumpa mwenzake wa Shauri Moyo, naye akaitumia jioni hiyo hiyo.